Tusikate mguu unaoweza kuokolewa

Ajali za bodaboda zimetuzoesha kuona vijana wakitembea kwa mikongojo. Wengi wetu huamini kwamba mguu uliosagwa na gurudumu hadi mfupa ukabaki wazi hauna budi kukatwa. Mimi nasema si lazima, na sababu ninazo.

Mbele ya mguu, chini ya goti, muundi umefunikwa na ngozi tu. Ngozi hiyo ikichunika, mfupa hukauka, huingiwa na vijidudu na hatimaye hutunga usaha. Kuubandika ngozi nyingine hakufai kitu, kwani ngozi haishiki juu ya mfupa mtupu usio na damu ya kuilisha. Mfupa huo wahitaji nyama hai.

Nyama hiyo mgonjwa anayo mwenyewe. Daktari huukata msuli mmoja wa shavu la mguu kwa upande wa chini, akauacha ungali umeshikamana na mshipa wake wa damu huko juu, kisha akaugeuza na kuulaza juu ya mfupa. Hapo ndipo huufunika kwa ngozi nyembamba iliyotolewa pajani. Msuli wa nje hutibu jeraha lililo karibu na goti. Ule ulio chini yake hutibu katikati ya muundi. Misuli inayosalia humwezesha mgonjwa kutembea. Jeraha la karibu na kifundo ndilo aghalabu hudai msuli utolewe mbali, kama vile mgongoni, na mishipa yake iunganishwe kwa hadubini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka wa 1986 matokeo ya Dkt Marko Godina wa Ljubljana, juu ya wagonjwa 532 aliowatibu kwa njia hiyo ya hadubini, yalichapishwa. Miongoni mwa waliofunikwa majeraha katika saa 72 za kwanza, asilimia 1.5 tu walipatwa na maambukizo. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, hadi miezi mitatu, walikuwa asilimia 17.5.

Tangu 2013 hospitali zetu nyingi zimo mikononi mwa kaunti. Operesheni zile mbili za kwanza hazidai hadubini, bali daktari aliyefunzwa na chumba safi cha upasuaji. Nawasihi magavana wagharimie mafunzo hayo. Nazo hospitali zisizo na mtaalamu zisimlaze majeruhi wodini majuma kadha akioshwa kidonda tu. Zimpeleke mapema kwa anayeweza.

Ni kweli si kila mguu utakaopona. Lakini ni aibu mtu kuupoteza wake kwa sababu tu hapakuwa na aliyefunzwa kuufunika.