Milimita Mbili Zilizobadili Mpira wa Meza

Mpira wa meza uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1988, mjini Seoul. Hadi michezo ya Sydney ya mwaka 2000, mpira uliotumika ulikuwa na kipenyo cha milimita 38 na tungamo ya gramu 2.5. Katika michezo ya Athens ya mwaka 2004, ulitumika mpira wa milimita 40 na gramu 2.7. Je, tofauti ndogo kiasi hicho ina maana gani?

Wakuu wa mchezo huu walikusudia kuupunguza mwendo, ili mfululizo wa mapigo urefuke na watazamaji waweze kuufuata kwa macho. Kwanza tuchunguze jinsi mpira unavyoruka. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu. Mpira ukipigwa kwa nguvu bila kuzungushwa, huweza kuipita meza na kuanguka nje. Kwa hiyo mchezaji huusugua kwa kibao kuelekea juu, nao ukaenda mbele huku ukijizungusha. Mzunguko huo huielekeza juu hewa inayobaki nyuma ya mpira; nao mpira, kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, husukumwa chini ukaiangukia meza.

Sasa tukokotoe. Mkinzano wa hewa hutegemea eneo la mpira linaloikabili hewa, na eneo hilo hufuata kipeo cha pili cha kipenyo. Tukigawanya 40 kwa 38 tunapata 1.053, kipeo chake cha pili ni 1.108. Basi, kwa mwendo ule ule, mkinzano umeongezeka kwa asilimia 11 hivi, ilhali tungamo imeongezeka kwa asilimia 8 tu. Ndiyo sababu mpira mkubwa hupungua mwendo upesi zaidi. Ugumu wa kuuzungusha nao hufuata tungamo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kipenyo: 1.08 mara 1.108, yaani karibu 1.20. Hilo ni ongezeko la asilimia 20.

Mjini Athens, Ryu Seung-min wa Korea Kusini alimshinda Mchina katika fainali ya wanaume mmoja mmoja. Lakini mjini Beijing, mwaka 2008, China ilitwaa medali zote nne za dhahabu, kama ilivyofanya Sydney. Mpira ulikuwa umebadilika, na wachezaji wake walikuwa wamejifunza upya kuuzungusha.

Mwanafunzi na arudie hesabu hizi mwenyewe. Ataona kwamba badiliko lisipimwe kwa jicho, bali kwa kanuni inayolitawala.