Safari Haiishii Kiwanjani

Mtu akiuliza ni mwendo gani kutoka Unguja hadi kaskazini ya Tanzania Bara, mara nyingi hupewa jibu la rubani. Kiwanja cha Abeid Amani Karume na kile cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, vimetengana kwa kiasi cha kilomita 390 za angani, na ndege kubwa huzimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu.

Tumfuate msafiri aendaye Dirma, kata ya wilaya ya Hanang. Akishuka Kilimanjaro, mbele yake ipo barabara ya Arusha, Makuyuni, Minjingu na Babati hadi Katesh, makao makuu ya wilaya: zaidi ya kilomita 250. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni saa tano na ziada. Na Katesh siyo Dirma. Bado ipo safari ya kufika katani. Wala jina la kiwanja cha Ziwa Manyara lisimdanganye, kwani hicho kimo mkoani Arusha, si katika Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Hivyo sehemu fupi ya safari ndiyo inayokula siku.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Ndege ya Unguja hadi Pemba huchukua kama nusu saa, lakini mgonjwa wa Konde anayepelekwa Unguja huanza kuhesabu mlangoni kwake, si kiwanjani Chake Chake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala jambo hili si dogo. Tarehe 3 Desemba, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Siku kama hiyo, aliyefukiwa hangojei ndege iliyotua salama mbali naye. Humngoja mtu aliyefika kwake.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara, wa Bara na Visiwani, waache kupima umbali kwa ratiba za ndege peke yake. Wanapomwita mwananchi kikaoni, wanapompeleka mgonjwa hospitali ya rufaa, au wanapochagua pahala pa kuweka ghala la misaada ya maafa, wahesabu saa zote, tangu mlango hadi mlango, na wazihesabu wakati wa masika. Barabara ya kata ipitikayo mwaka mzima ni sehemu ya safari ya ndege, ingawa haimo katika tiketi.

Viwanja vizuri tunavitaka, na kila kinachojengwa twakipongeza. Lakini nchi haikaribiani mpaka mtu wa Dirma na mtu wa Konde wafikiwe walipo.