Tumbo Linaloanza Jumapili Jioni

Binti wa miaka 14 aliletwa kwangu na mama yake mdogo, na bahasha ya vipimo mkononi. Malaria hakuna, taifodi hakuna, choo safi, mkojo safi. Dawa za vidonda vya tumbo alishamaliza dozi mbili. Nikamuuliza, "Mwanangu, tumbo huanza siku gani?" Akamtazama kwanza mama mdogo, kisha akanong'ona, "Jumapili jioni."

Jumapili jioni ndipo sare hupigwa pasi. Alikuwa kidato cha kwanza, wiki ya nane tangu shule zifunguliwe. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili miaka saba, na sayansi alikuwa akiongoza. Sasa sayansi ileile imekuwa baiolojia, kemia na fizikia, zote kwa Kiingereza. Siku ya pili alijibu swali, akakosea neno, darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo. Tangu hapo hakunyoosha mkono tena. Na mapumziko anakaa na nani? Huenda chooni, akasema, husimama huko mpaka kengele ilie.

Vipimo vikiwa safi, wazazi wengi huamua kwamba mtoto anadeka. Sivyo. Mtu akiishi kwa hofu, mwili humwaga adrenalini na kortisoli, moyo hukimbia, misuli hukaza, na utumbo, wenye mtandao wake mkubwa wa neva, huvurugika. Maumivu ni ya kweli. Maabara haina kipimo cha kuchekwa.

Tanzania ina kisa maarufu duniani cha jambo hili, ingawa nje husimuliwa kama kichekesho. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, mkoani Kagera wa leo, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Shule ilipofungwa Machi 18, walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 kati ya 159. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, wasipate kitu. Katika maelezo yao kuna jambo moja ambalo hunirudia kila mara: hakuna mwalimu hata mmoja aliyeugua. Miili iliyosema ni ile isiyokuwa na mahali pengine pa kusemea.

Leo wasichana wakianguka mmoja baada ya mwingine bwenini tunasema ni mashetani, tunamwita shehe au mchungaji. Dua sina ugomvi nayo. Ila baada ya dua, nani anauliza yule wa kwanza kuanguka alikuwa na mzigo gani?

Mara nyingi mzigo wenyewe ni ugeni. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, anayefika na tranka lake hujiuliza kimoyomoyo: mtu kama mimi anafaa hapa? Akichekwa, akinyimwa nafasi mezani, akiitwa "wewe wa nyuma" badala ya jina lake, kila kimoja anakihesabu kuwa jibu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, walieleza jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo. Kwa muda wa saa moja hivi, wanafunzi hao walisoma masimulizi ya waliowatangulia: nasi tulijiona wageni, ikapita. Miaka mitatu baadaye, pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe lilikuwa limepungua kwa karibu nusu. Jirani zetu Kenya wana mpango uitwao Shamiri, ambamo vijana waliotoka sekondari juzijuzi huongoza vikundi vya wanafunzi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua.

Haya hayahitaji jengo wala bajeti. Yanahitaji kidato cha pili kusimulia ukweli wao badala ya kuwatesa njuka. Na yanahitaji tuache kumpa unasihi mwalimu yuleyule wa nidhamu. Hakuna mtoto atakayemfungulia moyo mtu aliyemchapa asubuhi.

Wapo watoto ambao hayo hayawatoshi. Huzuni ikivuka wiki mbili, usingizi ukikimbia, mtoto akianza kugawa vitu vyake au kutaja kifo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Msingoje likizo.

Mama mdogo alitaka kumhamisha shule. Nilimwomba asubiri. Tulimpata msichana wa kidato cha pili aliyetoka shule ileile ya msingi, akawa anampitia darasani kila mapumziko. Tumbo halikuisha lote, lakini chooni aliacha kujificha.

Na ile shule ya Kashasha ilifunguliwa tena Mei 21, wasichana walewale. Mwishoni mwa Juni ikafungwa kwa mara ya pili.