Mbio za tiara Paje zianze na saa ya maji

Paje, mashariki mwa Unguja, upepo wa kusi na kaskazi huleta wachezaji wa tiara za baharini. Maji yakitoka, kina mama hushuka kwenye vigingi vyao vya mwani. Bahari ni hiyo hiyo moja.

Kwa hiyo mwandaaji wa mbio aanze na saa ya maji, medali baadaye. Kamba za tiara hufika mita 20 na zaidi. Zikinasa kigingi, mwani ulioiva hung'oka, na mnunuzi hupungukiwa mzigo. Njia ya mbio iwekewe maboya mbali na mashamba, na hasara iandikiwe fidia kwenye kanuni, kama inavyoandikwa adhabu ya kuanza mapema.

Kupishana ni kama mashua: anayepata upepo kutoka kulia ana haki ya njia. Wakielekea upande mmoja, aliye joshini humpisha mwenzake na kuinua tiara. Wa chini huishusha, kamba zisisokotane.

Boti ya uokoaji iwe majini kabla ya mshindani wa kwanza. Upepo ukigeuka kuvuma kutoka nchi kavu, mbio zisimame: aliyeangusha tiara husukumwa kuelekea mwambani, si pwani.