Kioo Kinachovuja na Kiswahili cha Gereji

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi, ilhali gari langu, Peugeot 504 kuukuu niliyoachiwa na marehemu baba, lilikuwa likivuja kila msimu wa mvua. Maji yalipenya penye kioo cha mbele, yakatiririka juu ya dashibodi hadi kwenye zulia. Nami niliyafuta kwa kitambaa nikaendelea na safari. Fundi mmoja alipata kunipakia silikoni kandokando ya kioo. Aghalabu silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hulila bati lile lile iliyokuja kulikinga.

Aprili iliyopita mvua ilinikuta Kangari, katika Kaunti ya Murang'a, kule ambako majani chai yamevifunika vilima kuelekea safu za Nyandarua. Nikaingia katika gereji ya jua kali. Fundi, mzee wa makamo, aliubonyeza mpira wa kioo ukamegeka kama mkate mkavu.

"Mwalimu, huu ulikufa zamani," akasema.

Jua, joto na ozoni iliyo hewani huukausha mpira. Ukishapoteza unyumbufu hupasuka, na maji yakapata njia.

Kazi ilianza kwa kuchomoa ule utepe mng'aavu unaoukaza mpira kwa nje. Mwanagenzi, kijana mpole, akaingia ndani akakisukuma kioo taratibu kwa nyayo hadi kikatoka. Lo! Chini yake palikuwa na kutu iliyokwisha kutafuna ukingo wa bati. Waliisugua kwa brashi ya waya, wakapaka rangi ya kuzuia kutu, tukangoja ikauke. Mpira mpya ulivishwa kioo kwanza. Kisha kamba ya nailoni ikazungushwa ndani ya mfereji wa mpira, ncha zake zikapishana chini katikati, na maji ya sabuni yakapakwa ili mpira uteleze. Fundi alikisukuma kioo kwa viganja kutoka nje huku kijana akiivuta kamba kutoka ndani. Kila kamba ilipochomoka, mdomo wa mpira ulipanda juu ya ukingo wa bati na kuubana. Mwishowe wakamwaga ndoo nzima ya maji. Halikupenya hata tone.

(Mwenye gari la siku hizi asiige. Vioo vingi vya sasa hugandishwa kwa gundi maalumu, na huchangia uimara wa paa. Hapo kamba na sabuni hazina kazi.)

Mfereji, mdomo, ukingo: maneno haya si yangu, ni ya fundi. Kijana yule aliacha shule akiwa kidato cha pili, na sasa anajiandaa kwa mtihani wa serikali wa ufundi. Alinionyesha kitabu cha kuazima, cha Kiingereza, kilichojaa mistari chini ya maneno yaliyomshinda. Akanyoshea kidole mchoro mmoja.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni mdomo. Ule ule uliokuwa ukiuvuta sasa hivi."

Akacheka sana. Kisha akauliza kama kitabu hicho kipo kwa Kiswahili. Nilikosa jibu, mimi niliyesomea lugha hadi uzamifu.

Tangu Kamati ya Lugha ya 1930 hadi BAKITA iliyoundwa mwaka 1967, wataalamu wamesanifu istilahi si haba. Katiba ya Kenya ya 2010 imekitangaza Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu waliowahi kuinama chini ya boneti na kuuliza kitu kinaitwaje? Tumebishana miaka kuhusu tarakilishi na kompyuta, huku fundi akijitajia vifaa vyake bila kikao. Walimu wenzangu, mbona tusiwatume wanafunzi gereji zilizo jirani na shule, wachore kila kifaa na kuandika jina linalotumika? Yamkini gereji moja itasema mdomo na nyingine ulimi. Hiyo ndiyo kazi yetu ya kulinganisha, wala si sababu ya kuyadharau.

Nilimwahidi kijana kumtafsiria sura ya vioo na milango, kurasa 20. Nimefika ukurasa wa saba. Jumamosi nitarudi Kangari, kwani kuna kifaa kimoja cha mlangoni ambacho kamusi zangu zote hazikijui.