Ruzuku ya Kuwatunza Wazee Kigoma: Inatoka Wapi, Inaishia Wapi

Fedha za kuwatunza wazee mkoani Kigoma hutoka serikalini, kwa wafadhili na mifukoni mwa ndugu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, iliyomhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, iliiachia familia jukumu la kwanza. Ruzuku huja kujazia pale ndugu wanapoelemewa, au pale ambapo hawapo kabisa.

Kwa wasio na ndugu kuna makazi ya wazee. Miongoni mwa yale ambayo serikali imeyaendesha nchini ni ya Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, yakigharimiwa na wizara yenye dhamana ya ustawi wa jamii. Makazi ya aina hii hupokea pia unga, sabuni na shuka kutoka kwa waumini na wasamaria. Sadaka hizo ni za maana sana, ila hazimlipi mtu wa kumwogesha mzee na kumgeuza kitandani usiku, na hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote.

Wazee wengi wanaishi nyumbani, mara nyingi na wajukuu. Ruzuku inayowafikia walio maskini zaidi ni ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Majina ya kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hupitiwa kwa dodoso. Katika awamu ya kwanza ya mpango huo, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikilipwa kila baada ya miezi miwili. Nyongeza zilitolewa kwa ajili ya watoto, nyingi zikiwa na masharti ya shule na kliniki. Ajira za muda zililipa shilingi 2,300 kwa siku. Bibi anayeishi peke yake Ujiji, asiye na mtoto wa kumpeleka kliniki wala nguvu za kushika jembe, alibaki na ile ya msingi tu. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro kubwa: fedha zilipangwa kuifuata kaya, wala hazikupima mahitaji ya uzee wenyewe.

Matibabu ni bure kwa wazee wasio na uwezo, na hospitali nyingi zina dirisha lao. Lakini mzee wa Mwamgongo au Kagunga, vijiji vya ufukweni upande wa Gombe, hufika Hospitali ya Maweni kwa kupanda boti hadi Kibirizi, kisha bajaji au bodaboda. Anahitaji pia mtu wa kumshika mkono, naye hulipa nauli yake na kupoteza siku ya kazi. Msamaha wa matibabu haugusi gharama hizo, kwa hiyo wapo wanaokaa na maradhi nyumbani.

Ruzuku za mashirika zina njia yake. Shirika huandika andiko la mradi, husaini mkataba, hupokea fedha kwa awamu na kutoa ripoti. Ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 hutakiwa kutangazwa na mkataba wake kuwasilishwa kwa Msajili wa NGOs. HelpAge International imewahudumia hivyo wazee wakimbizi katika kambi za Kigoma. Tatizo ni muda: mradi una tarehe ya kwisha, na mzee aliyezoea kutembelewa na mhudumu hubaki pale pale mfadhili akiondoka.

Mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilichukua njia nyingine. Tangu 2003, kuanzia Nshamba wilayani Muleba, limewapa wazee pensheni ndogo ya fedha taslimu, wengi wao wakiwa bibi wanaolea yatima. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: Aprili 2016 serikali ilianza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe tajiri au maskini, na baadaye kiwango kikapandishwa. Fedha hizo zinatoka kwenye bajeti ya serikali hiyo, hivyo hazingojei mkataba wa mfadhili.

Bara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazee si kundi katika mgawo huo, na mkopo wa biashara haumfai mtu wa miaka 80. Kinachomfaa ni fungu la ruzuku lenye jina lake katika bajeti ya halmashauri, hata likianza na nauli ya boti ya mgonjwa na msindikizaji wake.