Ligi ya vigogo wa Ulaya: nani angechuma, nani angelipa?

WENYE mabanda ya kuonyeshea mpira, wauza jezi na wanunuzi wadogo wa hisa wana kila sababu ya kufuatilia ubishi ambao wengi hudhani ni wa washabiki peke yao: je, klabu tajiri za Ulaya zijitenge na kuanzisha ligi yao?

Ubishi huo ulipamba moto usiku wa Jumapili, Aprili 18, 2021, klabu 12 zilipotangaza mpango wa Super Ligi. Sita zilikuwa za Uingereza, tatu za Hispania na tatu za Italia. Ligi ingekuwa na timu 20, na kati ya hizo 15 zingekuwa za kudumu, zisizoshuka daraja hata zikivurunda. Benki ya JP Morgan ya Marekani ilikubali kugharimia mpango huo, na waanzilishi walitengewa Euro bilioni 3.5 za kuanzia.

Mfanyabiashara wa gulio atalielewa jambo hili upesi. Ni sawa na soko lenye meza 20, ambapo meza 15 ni za watu walewale miaka yote, hata wakileta mali iliyooza. Wengine wote wagombee tano zilizobaki.

HISA ZAPANDA, ZAPOROMOKA

Masoko ya hisa yaliipokea habari hiyo kwa furaha. Jumatatu, Aprili 19, hisa za Juventus zilipanda kwa karibu asilimia 18 mjini Milan, na za Manchester United kwa karibu asilimia 7 mjini New York. Sababu ilikuwa wazi. Klabu ikikosa Ligi ya Mabingwa msimu mmoja, mapato hupungua huku mishahara ya wachezaji ikibaki palepale. Klabu yenye nafasi ya kudumu haina hofu hiyo, na mwenye hisa hupenda mapato yanayokadirika.

Hata hivyo, furaha hiyo haikumaliza wiki. Jumanne washabiki wa Chelsea walifunga barabara nje ya uwanja wa Stamford Bridge. Usiku huo huo klabu zote sita za Uingereza zilitangaza kujiondoa. Hisa za Manchester United zilishuka kwa karibu asilimia 6 siku hiyo, na Jumatano zile za Juventus zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 13. Aliyekimbilia kununua Jumatatu jioni alikuwa na hasara mkononi ndani ya siku mbili, kabla hata mpira mmoja haujapigwa.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wapo washabiki wanaoiunga mkono ligi ya aina hiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtazamaji wa Bombo, katika milima ya Upare wilayani Same, hanunui tiketi ya Old Trafford. Anachonunua ni picha kwenye televisheni. Kwake, Real Madrid kukutana na Manchester United mara kwa mara ni mali bora kuliko mechi ya timu asiyoijua.

Wanaopinga hujibu kwa kutaja Leicester City, iliyotwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 wakati mwanzoni mwa msimu wacheza kamari waliahidiwa malipo ya 5,000 kwa 1. Kinachouzwa katika soka, wanasema, ni kutojulikana kwa matokeo, pamoja na hofu ya kupoteza. Pilau ikiliwa kila siku, sikukuu hukosa ladha.

Suala la umiliki nalo liligusa mjadala. Bayern Munich na Borussia Dortmund, ambazo kwa kanuni za Ujerumani wanachama wana kura nyingi, zilikataa kujiunga. Kanuni za Tanzania nazo zinawaachia wanachama asilimia 51 klabu zao zinapoingia katika mfumo wa hisa. Lakini umiliki wa wanachama si kinga kamili. Real Madrid na Barcelona, ambazo ni mali ya wanachama, ziliendelea kuung'ang'ania mpango huo baada ya wengine kukimbia. Madeni ya Barcelona wakati huo yalizidi Euro bilioni moja.

AFRIKA: AHADI NA MALIPO

Afrika haikuona klabu zikijitenga. Huku ni shirikisho lenyewe, CAF, lililoanzisha ligi ya vigogo likiungwa mkono na FIFA. Ilipozinduliwa Arusha, Agosti 10, 2022, zilitajwa klabu 24 na zawadi za dola milioni 100, bingwa akiahidiwa dola milioni 11.5.

Ligi hiyo ilipoanza Dar es Salaam, Oktoba 20, 2023, Simba ikitoka sare ya 2-2 na Al Ahly ya Misri, klabu zilikuwa nane tu. Bingwa, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, alipata dola milioni 4. Mwaka 2024 ligi hiyo haikuchezwa. Aliyepanga biashara yake kwa hesabu za Arusha alipanga kwa fedha ambazo hazikuja.

HESABU YA BANDA

Tuseme banda la Bombo lina nafasi 60 na kiingilio ni shilingi 500. Likijaa, linaingiza shilingi 30,000. Mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza huanza saa 11 au saa 12 jioni kwa saa za Tanzania, watu wakiwa wametoka shambani na sokoni. Mechi za Super Ligi zilipangwa kuwa za katikati ya wiki, na mechi za Ulaya za siku hizo kwa kawaida huanza saa 4 au saa 5 usiku. Anayedamka alfajiri kwenda shamba hawezi kukesha kila wiki.

Kama ligi za nyumbani zingezifukuza klabu hizo, mwenye banda angepoteza Jumamosi iliyojaa na kupewa Jumatano yenye viti vitupu. Ada ya king'amuzi angelipa vilevile.

Desemba 21, 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kanuni za FIFA na UEFA za kutaka mashindano mapya yaombe kibali kwao zilikiuka sheria za ushindani, ingawa haikusema kwamba ligi hiyo lazima iruhusiwe. Matangazo mengine yakija, mwekezaji mdogo atazame kwanza mkataba uliosainiwa na ratiba ya mechi. Naye mwenye banda aulize mechi itaanza saa ngapi, kabla ya kuongeza viti.